Kutengeneza reli za treni ndogo kwa mkono: maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu vifaa

Maswali ni yale yale kila wiki kwahiyo nimeyaweka sehemu moja. Mifano mingi nimeitoa kwenye skeli ya HO, yani 1:87, na kwenye ile reli yetu ya zamani ya mita moja, MGR, kwa sababu ndo ninayojenga, mwenye OO au N (skeli nyingine hizo) atabadilisha vipimo tu. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusisumbuane: reli yenyewe na vipimo vya geji (geji ni nafasi kati ya reli na reli) nunua, vitu vingine vyote unavipata mtaani kwa mafundi simu, maseremala na mama ntilie. Wengine watabisha, sawa.

Kwanini nihangaike wakati reli za dukani zipo?

Kama unajenga HO ya kawaida, ile ya milimita 16.5 kati ya reli na reli, ukweli huna sababu kubwa, nunua za Peco au nyingine uendelee na maisha. Shida inaanza ukitaka kitu cha kwetu. Reli ya milimita 1000 ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, na geji iliyo karibu ambayo unaweza kupata magurudumu na vichwa vyake, yani injini, ni milimita 12. Reli za milimita 12 zinauzwa, ila nyingi zimelenga treni za milimani kule Uswisi, mataruma yake (vile vipande vinavyolala chini ya reli) ni ya mbao na hayafanani hata kidogo na yale mataruma ya chuma uliyoyaona Reli ya Kati. Wadau wa TAZARA wana bahati kuliko sisi, reli yao ni milimita 1067, ukigawa kwa 87 inakuja 12.26, kwahiyo kwenye 12 wanakaa vizuri zaidi ya sisi wa mita moja.

Sababu ya pili ni pointi, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Za dukani zina maumbo machache tu. Ukitengeneza mwenyewe unaifanya ifuate kona yako, stesheni inakaa kama stesheni ya kweli na sio kama umelazimisha vipande kuungana.

Namba 100, 83, 75, 55 kwenye pakiti za reli zina maana gani?

Ni urefu wa reli kwenda juu, umepimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Namba 100 ni inchi 0.100, yani milimita 2.54. Namba 83 ni milimita 2.1, namba 75 ni 1.9, namba 70 ni 1.78, namba 55 ni 1.4, na namba 40 ni milimita 1 hivi. Haihusiani na skeli wala geji, mtu wa N na mtu wa HO wanaweza kutumia reli ya namba moja.

Sasa fanya hesabu ndogo uone kitu. Chukua namba 100, zidisha 2.54 kwa 87, unapata milimita 221. Reli ya sentimita 22 kwenda juu! Hakuna reli ya treni ya hivo popote duniani. Ndo maana njia nyingi za HO zinaonekana kama midoli hata kama kichwa kimepakwa rangi vizuri namna gani, macho yanaona reli nene kabla hayajaona kitu kingine.

Basi MGR nitumie namba ngapi? Na SGR?

Reli ya ratili 80 kwa yadi ina urefu wa milimita 127 hadi 133 kutegemea umbo lake, ukigawa kwa 87 unapata kama 1.5, kwahiyo namba 55 inakubali kabisa. Ukitaka njia ya enzi za mwanzo, wakati reli ya Uganda inatoka Mombasa 1896 mpaka inafika ziwani Kisumu 1901, hapo reli zilikuwa nyepesi zaidi, namba 40 ndo inafaa. Ila namba 40 ni nyembamba kweli, inapinda ukiitazama vibaya, sikushauri uanzie hapo.

SGR ya Tanzania inatumia reli ya kilo 60 kwa mita, urefu wake milimita 172, kwa HO ni karibu milimita 2. Namba 75 au 83, yoyote sawa, tofauti huioni bila vernia, kile kipimo cha fundi cha kubana kitu.

Kitu kimoja cha kuangalia kabla hujanunua reli fupi: magurudumu yako. Gurudumu la treni lina ule ukingo wa ndani unaoshuka chini ya kichwa cha reli, yani sehemu ya juu ambayo gurudumu linakanyaga. Magurudumu ya kisasa ya HO yanayofuata viwango vya Marekani ukingo wake unashuka milimita 0.64 hivi, yanapita kwenye namba 55 bila tatizo. Vichwa vya zamani vya Ulaya vina ukingo mrefu zaidi ya milimita moja, na hivyo vitagonga kila tone la solda na kila kichwa cha msumari, utasikia tak tak tak njia nzima. Pima kwanza.

Nikeli silva, brasi au chuma?

Nikeli silva, kwa asilimia kubwa ya watu. Jina linadanganya, hamna fedha humo ndani hata chembe, ni mchanganyiko wa kopa, nikeli na zinki. Inachelewa kuchafuka, inasoldika vizuri na rangi yake inakaribia chuma.

Brasi inasoldika vizuri hata zaidi na inapitisha umeme mara kadhaa kuliko nikeli silva, ila inachafuka haraka, utakuwa unasugua kila ukitaka kuendesha, na ile rangi ya njano mpaka uipake. Kama umepewa bure tumia kwenye njia za pembeni ambazo treni inapaki tu.

Chuma kina wapenzi wake, hasa Uingereza, wanasema kichwa cha reli kinang'aa kama cha kweli na ni kweli kinang'aa. Kama upo Dodoma au Nairobi ndani ya chumba kikavu, jaribu. Kama upo Tanga, Mombasa, Unguja, Muscat, mahali popote ambapo dirisha likiwa wazi unasikia chumvi, achana nacho. Kutu itakuja na ukishaweka kokoto juu yake huna namna ya kuifikia upande wa chini.

Naweza kutengeneza reli yenyewe nyumbani?

Hapana. Umbo lile la kichwa, shingo na kitako linavutwa kiwandani kwa mashine. Watu wamejaribu waya, wamejaribu bapa za brasi, treni inatembea lakini ukiangalia kwa karibu ni bapa tu.

Ila kuna njia ya bei rahisi ambayo watu hawaifikirii: njia mbovu za dukani. Mtu akiuza njia zilizovunjika mataruma ya plastiki, zinunue, kata plastiki, vuta reli taratibu inatoka nzima. Angalia tu ni namba ngapi maana nyingi za zamani ni 100. Sugua kitako cha reli na msasa laini kabla ya kusolda, huwa kuna uchafu wa plastiki.

Reli nikiagiza nje zinafikaje bila kupinda?

Urefu wa kawaida ni nusu mita, yadi moja au mita moja. Mwambie anayekuletea, awe ndugu anayerudi likizo au duka, aziweke ndani ya bomba la PVC na kuziba pande zote. Zikija kwenye bahasha andika hasara.

Mataruma: PCB, mbao au plastiki? Hapa ndo nimekwama

Na hapa ndo kwenye uamuzi wote, kwa sababu ukichagua taruma umeshachagua jinsi ya kushika reli, umechagua gundi au solda, umechagua na kasi ya kazi. Watu wengi wanaanza kwa kuchagua reli halafu wanashangaa.

PCB ni ile bodi ya saketi yenye ngozi ya kopa juu. Unaikata vipande vya saizi ya taruma, unasolda reli moja kwa moja kwenye kopa, kwisha. Ni imara kuliko njia zote na inasamehe, maana ukikosea geji unapasha moto, unasogeza, unaacha ipoe. Hakuna kusubiri gundi ikauke masaa sita. Kwa anayeanza mimi namwambia hii tu, na kwa MGR inafaa mara mbili kwa sababu taruma la chuma ni jembamba, bodi ya milimita 0.8 ikipakwa rangi ya kutu na kuzikwa kwenye kokoto mpaka ncha zake zipotee, mtu hatajua. Taruma la chuma la kweli ncha zake zinainama chini, hizo huhitaji kuzichonga, kokoto zinaficha.

Vipimo ninavyotumia: urefu milimita 23 (hiyo ni mita 2 kwenye uhalisia), upana 2.8 hivi, na kutoka katikati ya taruma hadi katikati ya lingine milimita 7. Mita moja ya njia inakula mataruma 143 kwa hesabu hiyo. Kipande cha bodi cha sentimita 10 kwa 15 kinatoa kama 150 ukishatoa kinacholiwa na msumeno, kwahiyo bodi moja ndogo ni mita moja ya njia. Muulize fundi wa vifaa vya elektroniki vipande vilivyobaki. Zipo aina mbili, ya nyuzi za kioo ambayo ni ya kijani au njano hafifu, na ya kahawia ambayo ni ya karatasi na gundi. Ya kahawia inakatika kirahisi ila ukizidisha moto ngozi ya kopa inabanduka na taruma limekufa. Ya kioo inavumilia, lakini vumbi lake ni baya sana, vaa barakoa, kata ukiwa nje au loanisha bodi na maji, na usijikune.

Mbao inapendeza kuliko zote ukitaka njia ya mataruma ya mbao, hakuna plastiki inayofika hapo. Ila ni kazi.

Plastiki maana yake unanunua mataruma na vile vishikio vidogo vya reli, unaviunganisha kwa kimiminika kinachoyeyusha plastiki. Waingereza wanaipenda kwa sababu reli zao za zamani zilikaa ndani ya vishikio vya chuma na mtu anataka vionekane. Sisi reli zetu ni za kitako bapa, hatuna haja hiyo.

Na kuna njia ya kati ambayo wengi wanaishia nayo: PCB kila taruma la tano, katikati mbao za kawaida zilizobandikwa tu kwa gundi. PCB inashika geji, mbao zinapendezesha. Kwa mita moja unahitaji PCB chini ya 30. Hakikisha tu unene wa vyote viwili ni sawa, ukikosea hapo reli itakuwa inaning'inia juu ya mbao na inaonekana.

Nimesolda vizuri ila treni haitembei na transfoma inalia. Nini?

Shoti. Kopa ya taruma imeunganisha reli ya kulia na ya kushoto, umeme unapita njia ya mkato. Kila taruma la PCB lazima likatwe ngozi ya kopa katikati, kila moja, bila kuruka hata moja.

Tumia tupa ya pembetatu au ncha ya msumeno wa chuma, piga mstari mpaka uone bodi yenyewe chini ya kopa. Fanya hivyo KABLA ya kusolda, ukiwa na mataruma yote yamebandikwa kwenye mkanda wa gundi unaweza kuburuza tupa mara moja kwa mengi. Afu chukua maltimita, weka kwenye ile alama ya kupiga mlio, gusa pande mbili za taruma. Ikilia rudia. Mimi napima tena baada ya kusolda kila mataruma kumi, maana kuna nyuzi ndogo za kopa zinazobaki kwenye mkato, nyembamba kuliko unywele, huzioni ila umeme unaziona. Kutafuta taruma moja lenye shoti kati ya 143 baada ya kupaka rangi na kumwaga kokoto ni kazi ambayo simuombei mtu. Ule mkato unaujaza na putii kidogo kabla ya rangi.

Solda gani na flaksi gani (ile dawa ya kusaidia solda ishike)?

Solda ya 60/40, ile ya bati na risasi wanayotumia mafundi redio, inaanza kuyeyuka nyuzi 183 na inashika vizuri. Isiyo na risasi inahitaji kama nyuzi 227, inawezekana lakini moto unakaa muda mrefu na kopa ya bodi inaumia. Ukitumia yenye risasi nawa mikono kabla ya kula na fungua dirisha, moshi unaouona ni wa flaksi na sio mzuri kwa kifua. Chukua waya mwembamba, milimita 0.5 hadi 0.7.

Flaksi: ya mafundi simu inatosha kabisa. Ipo pia ya maji yenye asidi ya fosforiki, hiyo inafanya solda itiririke vizuri mno, sharti ni moja, ukimaliza osha na maji ya uvuguvugu na mswaki siku hiyo hiyo. Flaksi ya asidi kali ya mafundi rejeta usiilete karibu, itakula kopa na reli taratibu na baada ya miezi utaona ukijani kila kiungo.

Chuma cha solda kiwe cha wati 40 hadi 60 chenye ncha bapa pana. Ile ncha ya sindano ya fundi simu haifai hapa, reli inanyonya moto wote, unabaki umeshikilia mpaka taruma lote linachemka na solda bado imekaa kidonge.

Jinsi inavyofanyika kwa ukaribu: sugua kopa na kitako cha reli na msasa laini. Weka reli, weka geji juu yake. Tone la flaksi upande wa NJE wa reli. Chukua solda kidogo kwenye ncha, kidogo kweli, kama kichwa cha pini. Gusa pale kitako cha reli kinapokutana na kopa, hesabu moja, mbili, utaona solda inakimbia chini ya reli yenyewe kisha inang'aa. Toa moto, usitikise, subiri ing'ae kidogo ififie. Ikibaki juu kama tonge haijashika, ni uchafu au moto mdogo. Upande wa ndani usiweke solda kabisa, huko ndo ukingo wa gurudumu unapita.

Mbao gani inafaa kwa mataruma?

Kwa njia ya kawaida ya Marekani taruma ni futi 8 na nusu kwa inchi 9, kwenye HO hiyo ni karibu milimita 30 kwa 2.6. Wao wanatumia mbao laini kama msonobari na baswudi. Hapa kwetu msonobari wa maseremala (wengi wanaita paini) unafanya kazi hiyo hiyo, mwambie seremala akupasulie vipande vyembamba kwenye mashine, atakushangaa, mlipe.

Njiti za kiberiti ni nzuri kwa njia ndogo za migodini au mashamba ya mkonge, ukikata kichwa. Vijiti vya kukorogea kahawa na vya aisikrimu ni vipana, vinafaa zaidi skeli kubwa, ila ukivipasua katikati vinaingia HO. Mninga na mvule ni mbao nzuri za samani, lakini hapa ni ngumu, msumari hauingii bila kutoboa kwanza, na vumbi la mvule linawasha pua na macho.

Paka rangi au stein kabla ya kubandika. Gundi ikishaingia kwenye mbao rangi haiingii, inabaki mabaka.

Reli naishikaje kwenye mbao?

Misumari midogo maalum yenye kichwa kilichoinama upande mmoja ndo njia ya Marekani tangu zamani. Inauzwa kwa pakiti, unaisukuma kwa plaizi, miwili kwa kila reli, kila taruma la nne au la tano, hakuna anayepiga kila taruma labda awe na likizo ndefu. Ubao wa chini lazima ukubali msumari. Pini za ushonaji zilizokatwa zinafanya kazi ila kichwa ni kikubwa, pinda upya.

Njia ya pili ni gundi ya kugusana. Wamarekani wanatumia Pliobond: unapaka kitako cha reli, unaacha ikauke kabisa, unaweka reli juu ya mataruma na geji, kisha unapitisha chuma cha solda juu ya reli, joto linaamsha gundi inashika. Ukikosea unapasha tena. Gundi za mafundi viatu zimo kwenye familia hiyo hiyo ya kugusana, jaribu kwenye kipande cha sentimita 10 kwanza kabla hujaamini.

Supagluu hapana, inakauka kama kioo, reli ikitanuka siku ya joto inaachia.

Mashine za kuchapa plastiki, siwezi kuchapa mataruma yote nikamaliza?

Unaweza, na watu wengi sasa wanafanya, hata programu ya Templot ambayo wengi tunachorea njia inaweza kukutolea mafaili ya kuchapa. Angalia tu plastiki yenyewe. PLA inalainika kwenye nyuzi 60 hivi, ukisoldea waya kwenye reli iliyokaa juu yake taruma linayeyuka mbele yako, na ndani ya gari lililopaki juani nayo itakunjika. PETG inavumilia kidogo zaidi, mpaka 80 hivi. Solda nyaya kwenye reli kwanza, kisha ingiza reli kwenye mataruma.

Vipimo vya geji natengeneza au nanunua?

Nunua. Hapa sibishani. Angalau vitatu vya silinda vyenye mifereji ya reli, na kimoja cha miguu mitatu ambacho kwenye kona kinapanua geji kidogo chenyewe. Kama unajenga kitu ambacho hakina kipimo dukani, fundi wa lethi anaweza kukuchongea kwa brasi au alumini, mpelekee kipande cha reli yako mkononi maana upana wa mfereji unategemea kichwa cha reli, afu hakiki na vernia ya dijitali kabla hujamlipa. Mfereji ukiwa mpana sana reli inalala, geji inasoma sawa lakini njia sio sawa.

Pointi inahitaji vifaa gani vya ziada?

Reli ile ile, PCB ndefu zaidi, tupa nzuri bapa na subira. Kuna sehemu mbili ngumu. Ya kwanza ni ile V pale reli mbili zinapokutana, wenyewe wanaita frogi. Reli mbili zinanolewa kwa tupa mpaka zikikaa pamoja zinatengeneza ncha moja. Kwa pointi ya 1 kwa 6 kila hatua sita mbele njia inaachana hatua moja. Ya pili ni ndimi mbili zinazocheza, hizo zinanolewa mpaka ncha yake inajificha kwenye reli ya pembeni. Fast Tracks ya Kanada wanauza vibao vya chuma vya kunolea kwa pembe kamili, ni gharama, zinalipa kama una pointi nyingi. Kwa pointi mbili tatu noa kwa mkono kwenye kipande cha mbao ulichokata pembe.

Kwenye pointi mbao peke yake usijaribu, weka PCB angalau chini ya frogi na kwenye ndimi. Kipande kinachounganisha ndimi mbili nacho ni PCB, na nacho kinakatwa kopa. Frogi ikae peke yake kiumeme na ipewe waya wake kupitia swichi, vinginevyo kichwa kifupi kitazima pale katikati kila siku.

Chini ya mataruma niweke nini?

Plaiwudi milimita 9 au 12, juu yake koki (ile ya vizibo vya chupa) ya milimita 3. Koki ikikosekana, zile shiti za fomu ngumu za EVA wanazotengenezea kandambili zinapunguza kelele vizuri, ila hazishiki msumari, ni za PCB na gundi tu. MDF ni nzuri mpaka siku chai ikimwagika, inavimba na hairudi. Wamarekani wanaopiga misumari wana Homasote, bodi ya karatasi iliyogandamizwa, kwetu kitu cha karibu ni sofutibodi ya matangazo ofisini.

Kokoto, naweza kutumia mchanga wa baharini?

Chumvi. Hata ukiosha mara tatu, pwani unyevu unarudisha. Tumia vumbi la mawe kutoka kwenye mashine za kusaga kokoto, omba ndoo moja, inatosha miaka. Kokoto za kweli ni milimita 40 hadi 60, kwenye HO ni nusu milimita hadi 0.7. Pitisha kwenye chujio la chai, kinachobaki juu tupa, kinachopita pitisha kwenye soksi ya kike ili vumbi laini kabisa litoke.

Kabla ya kumwaga pitisha sumaku iliyofungwa kwenye nailoni. Baadhi ya mawe yana chembe za chuma na mota ya kichwa inazivuta, zikiingia humo mota imekufa. Gundi ni nyeupe ya maseremala nusu kwa nusu na maji, tone la sabuni ya vyombo ili isitengeneze vidonge juu ya kokoto. Loanisha kwanza na spiriti kwa chupa ya kupuliza, kisha dondosha gundi na sirinji. Usiguse mpaka kesho.

Joto la kwetu haliharibu reli?

Reli ya nikeli silva ya mita moja, joto likipanda nyuzi 20, inarefuka milimita 0.34 hivi. Kila mita mbili acha uwazi mdogo wa unene wa kadi ya simu na usisolde viungo vyote. Kinachosumbua zaidi ni mbao ya chini, inavimba na kusinyaa na unyevu wa hewa kuliko reli na joto. Paka plaiwudi rangi au vanishi pande ZOTE, hata chini, hata kwenye kingo.

Nyaya nipeleke wapi?

Kila kipande cha reli kiwe na waya wake unaoshuka chini, usitegemee viunganishi. Nikeli silva inazuia umeme zaidi ya mara 10 ya kopa, kwahiyo njia ndefu yenye waya mmoja treni inachoka upande wa pili. Nyaya za nene za kopa chini ya meza, vipande vyembamba kupanda kwenye reli, visolde upande wa nje au chini ya kitako.

Nataka bustanini

Skeli nyingine hiyo. Geji ya milimita 45, reli ya brasi namba 332 kama ya LGB (kampuni ya treni za bustanini), ambayo ina milimita 8.4 kwenda juu, unaweza kusimama juu yake. Ukitumia treni za betri alumini inatosha na ni nafuu. Mataruma ya paini mchwa watamaliza kabla hujamaliza njia, hapa ndo mninga unapata kazi.

Rangi napaka lini na kichwa cha reli nakisafishaje?

Paka baada ya kusolda na kuosha, kabla ya kokoto. Kahawia ya kutu kwenye mbavu za reli na mataruma ya chuma, kijivu cha zege kama ni SGR, halafu futa juu ya reli na kitambaa kabla haijakauka. Kusafisha tumia ile spiriti ya isopropili wanayosafishia bodi za simu, kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi. Msasa usitumie juu ya reli, unaacha mikwaruzo na uchafu unakaa humo humo, wiki ijayo unasugua tena.